Betri Aliyotupa Ildephonse

Jumanne, 3 Juni

Mama Kirezi, acha kunizungushia macho. Nimekuambia kwa mdomo hukusikia, sasa naandika. Mashine ya kukausha nguo si jua. Jua liko nje, Mungu analitoa bure, na kamba nimeifunga mwenyewe kutoka kwenye uzio mpaka kwenye nguzo ya ngazi. Wewe mkwe wangu unatia mashuka ndani ya sanduku la umeme, unalifunga, unaenda zako kulala. Jioni nikishuka chini ya nyumba kuangalia betri, naona mstari wake wa kijani umekuwa mfupi kama mkia wa mbuzi. Umeme ule si wa mashuka. Ule ni pumzi ya mume wangu.

Jedidah, muuguzi Mkenya anayekuja kumwangalia Mzee, ndiye amenipa daftari hili. Alisema, andika kila siku amepumuaje. Nikamwambia mimi shule niliiona kwa mbali, kuandika nilifundishwa na kanisa la kambi ya wakimbizi nikiwa tayari na wajukuu. Akasema, Shosho, andika vile unaongea. Shosho ni bibi kwao. Nilimkataza kuniita hivyo, hakusikia, nimezoea.

Haya, naandika nisemavyo. Leo Mzee Mugabo amepumua vizuri.

Jumatano, 4 Juni

King'ora cha tufani kimelia saa saba mchana. Ni cha kujaribu tu, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi mji mzima wa Minneapolis unalia hivyo, lakini mimi bado nashika viatu tayari kukimbia.

Amepumua vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Nieleze betri, maana Jedidah akisoma atashangaa kwa nini kila siku naitaja kama mtoto.

Kwetu milimani, juu ya Uvira, kulikuwa na mwaka ambao ng'ombe wote wa Ildephonse walichukuliwa. Alibaki na fimbo. Mume wangu Mugabo alimpa ng'ombe jike mwenye mimba, Bihogo, jina la rangi yake ya kahawia. Kwetu ng'ombe wa kupewa si nyama na si mali. Ni undugu. Humuuzi wala humhamishi mpaka aliyekupa amejua. Na ukitaka watu wakuamini, unaapa kwa jina la aliyekupa ng'ombe. Ukiapa hivyo kwa uongo, heri ungemtemea mate mwenyewe. Ildephonse ameapa kwa jina la Mugabo miaka yote, kule, kambini, na hapa.

Sasa Ildephonse anaendesha malori makubwa ya safari ndefu. Mwaka jana, theluji ikiwa imeangusha nyaya, alitukuta umeme umekatika, mashine ya pumzi ya Mzee imezima, mimi namsugua mgongo kwa hofu, na chupa ya akiba ya oksijeni inaelekea kwisha. Alikataa chai akaondoka. Baadaye akaja na mafundi wawili na sanduku jeupe, refu kama mlango. Alikuwa ameuza lori lake la pili. Walilifunga ukutani chini ya nyumba ya mwanangu Eliezer, hapa mtaa wa Phillips. Ildephonse akaliwekea mkono kama mtu anavyomwekea ng'ombe mkono mgongoni, akasema, "Mugabo, ulinipa Bihogo. Huyu ni ndama wake. Samahani, amechelewa njiani."

Mzee alilia, mimi nikajifanya naangalia waya.

Umeme wa mji ukikatika, betri inaamka yenyewe, mashine inaendelea, Mzee hajui hata kama kuna giza. Tangu siku hiyo na Mzee naye anaapa kwa jina la Ildephonse. Vizee viwili, kila mmoja anamwapia mwenzake.

Leo kuna mvua. Betri imejaa. Amepumua vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Joto. Betri imeshuka jioni. Nimemwambia Mama Kirezi tena.

Jumatatu, 16 Juni

Joto la kunata. Mzee alipumua vibaya mchana, jioni akapata nafuu. Alitaka kiti chake kisogezwe karibu na mlango wa kushuka chini, anasema baridi ya chini inamfaa. Nimesogeza.

Betri imeshuka. Reine, yaani Mama Kirezi, alinijibu leo kwa mara ya kwanza. Akasema, Mama, tangu wiki iliyopita sijaigusa ile mashine ya nguo, naanika kwenye kamba yako, nguo zangu za kazi zinanuka moshi wa nyama ya jirani. Nikamwambia basi ni jiko la umeme unalopikia usiku ukitoka kazini. Akasema usiku hali. Ni kweli, amekonda. Lakini mtu kukonda si ushahidi.

Jumatano, 18 Juni

Kuna ubaridi. Betri imejaa mpaka juu. Hakuna aliyeigusa. Nikasema, ona, wakitaka wanaweza.

Jumamosi, 21 Juni

Leo joto lilikuwa la kupika mayai juu ya gari. Mji wote ulikuwa unanguruma viyoyozi. Cha kwetu nilikizima mimi. Tumekulia kwa umeme wa kubahatisha, wa saa mbili leo, kesho hakuna. Ukiupata unaufungia kama unga. Niliwasha feni moja tu, ya Mzee.

Jioni nikashuka. Mstari wa kijani ulikuwa umebaki mdogo kama kucha. Nikapanda, nikawakuta mezani wanakula, nikawauliza wote. Nani anamaliza betri? Kirezi, mjukuu wangu, akasema kitu kwa Kiingereza, babake akamnyamazisha. Eliezer aliangalia simu. Reine aliniangalia mimi, moja kwa moja, bila adabu. Mzee akaweka kikombe chini. Akainua mkono.

"Kwa Ildephonse aliyenipa ng'ombe, mimi sijui."

Mambo yakaisha hapo. Mtu akishaapa hivyo, kumuuliza tena ni kumtukana yeye na aliyempa. Nikahesabu waliobaki. Mwanangu nimemzaa mwenyewe. Mtoto ni mtoto. Nikabaki na Reine.

Jumapili, 29 Juni

Baada ya ibada niliwaambia wanawake jikoni pa kanisa kwamba nina mkwe anayekula umeme kama ndizi. Walicheka. Mmoja akasema, Mama Eliezer, huyo mtieni soketi mdomoni. Nikacheka na mimi. Kugeuka, Reine alikuwa mlangoni na sinia ya mandazi. Aliiweka mezani polepole. Hakuangusha hata moja.

Jumanne, 1 Julai

Reine amemchukua Kirezi wamekwenda kwa dada yake, Saint Louis Park. Anasema ni karibu na kazi yake, ile nyumba ya wazee anakolala zamu. Uongo wa heshima, lakini ni wa kwake. Eliezer alibeba mifuko. Aliponipita mlangoni hakuniangalia.

Mzee amekula kidogo. Amepumua nusu nusu.

Jumamosi, 5 Julai

Betri imeshuka. Reine hayupo.

Jumatatu, 7 Julai

Betri imeshuka tena. Reine hayupo, nguo hazifuliwi, jiko limezimwa, mimi napika mboga asubuhi tunakula zimepoa. Niliketi kwenye ngazi za chini nikalitazama lile sanduku likivuma peke yake, vuu, vuu, kama mnyama anayecheua. Nani anakula?

Nimemuuliza Eliezer. Amesema betri zinachoka na joto, Mama, ndivyo zilivyo. Nikamwambia juzi ulisema hazichoki miaka kumi. Akasema amechelewa kazini.

Ijumaa, 11 Julai

Naandika hili kwa Jedidah, labda ni dalili. Jioni za joto Mzee ananiambia mapema nisogeze kiti pale mlangoni pa kushuka. Anakaa kama anayesubiri mgeni. Chini kukianza kuvuma, anafunga macho na kuimba puani wimbo wa kukamulia, ule wa kumtuliza ng'ombe ili ashushe maziwa. Pumzi yenyewe hana, lakini ya wimbo anaipata. Niliogopa. Nilidhani akili inaanza kurudi kule.

Jumanne, 15 Julai

Mvua. Imejaa.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani Reine alikaa upande wa pili. Kirezi alinikimbilia akanikumbatia miguu, mamake hakumzuia. Nilitaka kusema neno, nikaona wale wanawake wa jikoni wananitazama, nikaangalia kitabu cha nyimbo.

Alhamisi, 24 Julai

Sikuandika jana. Leo naandika nikiwa hospitali, Mzee yuko hai, niseme hilo kwanza.

Jana ilikuwa Jumatano, lakini si ya kwanza. Mchana kutwa hewa ilikuwa nzito kama blanketi lililoloweshwa. Eliezer alikuwa kazini. Mzee alikaa mahali pake, kukavuma, akaimba. Nilishuka kuchukua vitunguu nikaona mstari umebaki kucha. Nikaondoka nimekasirika, sijui nimkasirikie nani.

Kisha mbingu ikawa kijani. Walioishi hapa wanaijua rangi hiyo. King'ora kikaanza, na safari hii hakikunyamaza. Upepo ulikuja mara moja, mti wa jirani ukalala barabarani na nyaya zote, na taa zikazima. Kabla sijasema Yesu, zikawaka. Betri ilikuwa imeamka. Mashine ya Mzee haikukatika hata kidogo. Nikasema kwa sauti, asante Ildephonse. Mungu anisamehe, niliimba.

Nilizima feni na taa zote. Nilichomoa frigo. Nilibakiza ile mashine tu, nikakaa chini karibu naye nikishika mkono wake. Nilichelewa. Haukupita muda wa kuivisha ugali, mashine ikatoa mlio mrefu, ule mlio ambao kila mke wa mgonjwa anaujua, kisha kimya. Niliusogeza mrija wa puani kwake kwenye shavu langu. Hakuna upepo.

Chupa ya akiba hatuna. Betri ilipofungwa, Eliezer alizirudisha chupa kwa wenyewe. Alisema zinajaza nyumba na sasa tuna betri, chupa za nini. Sikumpinga.

Kiingereza changu kinanitosha kununua vitunguu. Nilishika simu, na wakati huohuo ikalia mkononi. Ni Reine.

Hakunisalimu. "Mama, mashine ya Papa inafanya kazi?"

"Imekufa."

"Mkalishe wima. Usimlaze. Mfungue vifungo, fungua dirisha lililo mbali na upepo. Naita ambulansi kwa simu ya dada, halafu nakuja. Usikate."

Nikamkalisha. Nilikaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, kama nilivyombeba mwaka ule wa kukimbia. Midomo yake ilikuwa rangi ya zambarau. Sauti ya Reine ilikuwa sakafuni kwenye simu, anasema pole pole, Papa, toa kwa mdomo, kama unapuliza moto, Mama mwambie apulize kama anapuliza moto. Nikamwambia. Akapuliza. Kisha akageuza kichwa akasema, "Nimemkamua."

Nikamwambia nyamaza, tunza hiyo pumzi. Nilidhani anaota.

Ambulansi haikuweza kupita kwa sababu ya mti. Walikuja kwa miguu na machela, wakakanyaga matawi, wakambeba juu yake kama jeneza, nami nyuma na viatu mkononi. Reine alitufikia wanapomwingiza ndani ya gari. Alikuwa na nguo zake za kazi, zimelowa, majani kichwani. Aliingia nyuma na Mzee bila kuuliza mtu. Ndiye aliyewaeleza kila kitu, dawa zake, ugonjwa wake, mwaka ulipoanza. Vyote anavijua. Mimi nilikuwa sijui kwamba anavijua.

Jumamosi, 26 Julai

Bado hospitali. Rangi imerudi. Reine amelala kwenye kiti, shingo imepinda. Nimemfunika kitenge changu. Akiamka sijui nitaanzia wapi.

Jumatano, 30 Julai

Tumerudi nyumbani juzi. Leo amekuja Jedidah kupanga mashine upya. Alisikia habari yote, akakunja uso, akashuka chini na mimi. Aliizunguka betri. Akaniuliza kama siku ile ilikuwa imejaa asubuhi. Nikasema imejaa. Umeme wa mji ulikuwepo mpaka tufani? Ulikuwepo. Basi, Shosho, akasema, hii haikufaa kuwa tupu. Hii inakaa tu ikingoja.

Akamwomba Eliezer simu yake, ile anayoonea betri. Eliezer akasema haina chaji. Jedidah akanyoosha mkono akauacha palepale hewani, kama anavyofanya na Mzee akikataa dawa. Eliezer akatoa.

Alisoma muda. Kisha akaketi kwenye ngazi akanieleza, na ninayaandika alivyosema.

"Shosho, mlijiunga na ile program ya kuuza stima. Kukiwa na joto kila mtu amewasha AC, stima ya mji inakuwa kidogo. So kampuni inachukua kwa betri za watu hiyo jioni, halafu inawapunguzia bill. Si wizi. Ni kitu poa hata, inasaidia mji usizime. Usiku inajaza tena. Lakini nyumba ikiwa na mtu wa oksijeni, unafaa uwaambie, ndio waache kiasi kikubwa hawagusi. Nyinyi mmewaambia hakuna mgonjwa. So wamekuwa wakichukua karibu yote."

Nilimgeukia Eliezer. Mwanamume wa miaka arobaini, ana ndevu, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilimwambia yote ninayoyajua, na mengine sikuyajua mpaka yaliponitoka. Kwamba alikaa mezani akaangalia simu wakati mkewe anahukumiwa. Kwamba alibeba mifuko yake mpaka garini. Kwamba kila jioni alijua ni nani anayekula. Jedidah alitoka nje, ana adabu.

Eliezer aliacha nimalize. Kisha akasema, "Mama, mimi nilipiga simu. Lakini si mimi niliyesema hakuna mgonjwa."

"Nani?"

Aliangalia juu, kwenye dari, upande wa chumba chetu.

Alhamisi, 31 Julai

Sikulala kitandani kwangu. Nililala chumba cha Kirezi, miguu nje ya kitanda cha mtoto. Asubuhi nimempa Mzee uji, nimemsafisha, nimemfunga mrija puani, vyote kama kawaida. Kisha nikafunga mlango.

"Mugabo, uliapa."

"Niliapa."

"Kwa jina la nani?"

Akafumba macho. Nikangoja. Mimi najua kungoja.

Akasema, "Emérance, tangu tufike nchi hii, nani ameniomba kitu? Hata soksi mtoto ananinunulia. Eliezer alikuja akasema kuna watu wanaweza kukamua ile betri na kutulipia umeme wa nyumba. Nikamwambia, kamua. Jioni anakuja ananiambia, Papa, leo umewasha nyumba za mtaa mzima. Nikawa mwanaume tena."

"Na mgonjwa?"

"Mwanamke wa kwenye simu aliuliza kama kuna mtu wa mashine ya pumzi. Akasema akiwepo watachukua kidogo tu. Eliezer alinitazama. Nikasema, mwambie hapa hakuna mgonjwa."

"Na kila asubuhi mrija huu namfunga nani?"

Akaushika mrija, akauachia.

Nimezaa na huyu mtu watoto saba, nimezika wanne, nimemvusha mto Rusizi. Sijawahi kumshika na uongo. Uongo wa wanaume wengine nilikuwa nawasimulia wenzangu kwa majivuno. Sasa nimemwona ameinua mkono mezani pangu, akalitaja jina la mtu aliyeuza lori lake kwa ajili ya mapafu yake, akasema sijui. Akaniacha nimtafune mtoto wa watu mwezi mzima. Alikuwa anasikia. Alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake anasikia, na jioni anaimba.

Kukamua si kosa. Niandike hivyo ili mtu asije akasema bibi hakuelewa. Kama mji unahitaji na sisi tunacho, upewe, na wao watupunguzie, ni haki. Lakini hata mtoto aliyechunga wiki moja anajua kwamba chuchu mbili ni zako, mbili ni za ndama. Mugabo alikamua zote nne, na ndama ni yeye mwenyewe.

Amepumua vizuri. Nimeandika kwa sababu Jedidah anataka.

Ijumaa, 1 Agosti

Nilimsimamia Eliezer akapiga simu kwenye kampuni, sauti ikiwa nje ili nisikie. Amesema ukweli, yupo mgonjwa, wa mashine, ni baba yangu. Wakasema watabadilisha, sehemu kubwa haitaguswa, na kukiwa na tufani hawatachukua kabisa. Ni jambo la dakika chache. Lilikuwa la dakika chache tangu mwanzo. Chupa mbili za akiba zimerudi, ziko kando ya kitanda, na atakayesema zinajaza nyumba atatoka yeye.

Jioni nilipanda gari la Eliezer mpaka Saint Louis Park. Reine alifungua mlango. Nilimwambia nimemkosea, na kwamba wale wanawake niliowaambia jikoni nitawaambia tena, jikoni palepale, yeye akiwepo, kwamba mla umeme alikuwa mume wangu. Akasema, "Mama, usimseme Papa mbele za watu." Nikamwambia hilo si lake kuamua. Akanipa kiti. Amesema ataangalia kuhusu kurudi. Sikumsukuma. Kirezi amenichora nikiwa na kichwa kikubwa.

Jumamosi, 2 Agosti

Ildephonse ametoka safari leo, Dakota mpaka sijui wapi, na kabla hajaoga amekuja kumwona Mugabo. Alimshika mikono yote miwili. Alikuwa amesikia njiani kwamba tufani ilizima Phillips nzima na Mugabo akapona. Aliniomba ashuke chini. Nikashuka naye. Akaweka kiganja juu ya betri, mtu mzima wa mvi, akasema kwa sauti ya chini, vizuri sana mama, vizuri sana, kama mtu anayemshukuru ng'ombe aliyezaa salama.

Alipopanda alikuwa anafuta macho. Akasema, kesho nitasimama kanisani. Nitatoa shukrani. Nitawaambia watu kwamba niliuza lori, watu wakanicheka, na leo lori lile limempa rafiki yangu pumzi siku ya tufani. Nitasema kwa jina la Mugabo aliyenipa Bihogo.

Mugabo alinitazama. Najua kutazama kule. Tangu mapafu yake yaharibike, akikosa hewa mimi namalizia maneno yake. Nimemsemea kwa madaktari, kwa wachungaji, kwa watu wa uhamiaji. Alikuwa ananiomba nimsemee, au ninyamaze kwa niaba yake, ni mamoja. Nilichukua sufuria nikaenda jikoni. Ildephonse akasema kesho saa nne basi, akaaga. Mugabo alimwacha aende. Nilisikia mlango ukifungwa, nikajua hata leo ameshindwa.

Sasa sikiliza, Mugabo. Kusoma unajua kuliko mimi, na daftari hili nitaliacha wazi juu ya shuka lako.

Rafiki yako hatasimama mbele ya watu kushukuru kwa uongo wako. Kesho utaamka mapema. Utavaa shati jeupe, lile nililopiga pasi. Eliezer atakuendesha mpaka Saint Paul kwa Ildephonse kabla hajatoka kwenda ibadani, na Eliezer ataingia ndani na wewe asimame, asikae garini. Utamwambia kwamba ng'ombe aliyekupa ulimkamua bila kumwambia, ukamkausha, na siku ya tufani alikuwa mkavu. Utamwambia aliyekuokoa ni Reine. Utamwambia uliapa kwa jina lake na ulikuwa unajua. Mimi sitakuja, na sitakusemea. Ukikosa pumzi, pumzika, uendelee. Na watakapokuletea maziwa ya kukukaribisha, usipokee. Sema kwanza.